Geko chui mchanga amegoma kula: joto kwanza, chakula baadaye

Swali: Wiki mbili zilizopita nilimpata geko chui mchanga ambaye niliambiwa ana umri wa miezi miwili hivi. Nimemweka katika tangi la kioo lenye mchanga chini, kijumba kimoja cha kujifichia, kibakuli cha maji, na taa ya joto juu ya upande mmoja. Siku za mwanzo alikula funza wa unga wawili au watatu kila siku, lakini sasa ni siku ya nne hagusi kitu, anashinda mafichoni, na rangi yake imefifia. Je, nimlazimishe kula? Anatakiwa kula nini, kwa kiasi gani na mara ngapi? Na je, anahitaji vitamini?

Jibu: Usimlazimishe kula. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo linaloweza kuleta madhara ya haraka: kumfunua kinywa kwa nguvu mjusi mchanga mwenye uzito wa gramu chache kunaweza kumjeruhi taya, kunaweza kupitisha chakula kwenye njia ya hewa, na bila shaka kutamzidishia hofu ambayo huenda ni sehemu ya tatizo lenyewe. Geko chui huhifadhi mafuta mkiani, kwa hiyo mtazame mkia kabla ya kuhangaika. Ikiwa bado ni mnene na wa duara, unao muda wa kutafuta chanzo kwa utulivu. Ikiwa umekonda hadi mifupa inaonekana, usisubiri, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewafahamu reptilia.

Kutokana na maelezo yako naona sababu tatu, na hakuna kinachozuia zote tatu kuwa zimekutana. Ya kwanza ni ugeni, kwani mnyama aliyehamishwa huweza kula siku chache, kisha akasita, kisha akarudi katika hali yake. Ya pili ni kujivua ngozi, maana rangi iliyofifia na kuelekea weupe ndiyo dalili yake kuu, na geko wengi huacha kula kwa siku moja au mbili kabla ya kuivua. Ya tatu ni joto la sakafu kuwa dogo kuliko unavyodhani. Hii ya tatu ndiyo ninayoishuku zaidi, kwa sababu anayeanza kufuga hushughulika sana na aina ya chakula na husahau kwamba mnyama huyu hana uwezo wa kukimeng'enya pasipo joto linalotoka nje ya mwili wake.

Geko chui, ambaye jina lake la kisayansi ni Eublepharis macularius, asili yake ni nyanda kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi ya India. Mchana hujificha katika nyufa za miamba na chini ya mawe yaliyopata jua, na hutoka kuwinda magharibi na usiku. Tofauti na mijusi-kafiri wanaotambaa ukutani, yeye ana kope zinazofumba na kufumbua, na vidole vyake havina vibandiko vya kumshikiza kwenye kioo. Ni mnyama wa ardhini. Mambo hayo yanaeleza karibu kila kitu anachohitaji: sehemu ya chini yenye joto, giza la kujificha lililo karibu na joto hilo, na kitu cha kuwinda jua linapozama. Kushinda mafichoni mchana kutwa, kwa hiyo, si ugonjwa. Ningeshtuka zaidi kama ungeniambia kwamba anazurura mchana kutwa akikwaruza kioo.

Sasa kuhusu joto lenyewe. Upande mmoja wa tangi uwe na sehemu ambayo uso wake, pale tumbo linapogusa, una nyuzi 31 hadi 34 za Selsiasi. Upande wa pili uwe na nyuzi 24 hadi 26, ili mnyama achague mwenyewe. Usiku unaweza kuacha joto lishuke, mradi lisipungue chini ya nyuzi 18 au 20, na kwa geko mchanga anayegoma kula ningependa lisishuke sana. Taa uliyoiweka juu inaweza kutosha au isitoshe. Hilo halijulikani kwa kuangalia, wala kwa kuweka mkono, kwani mkono wa binadamu wenyewe una joto linalokaribia hilo. Vipimajoto vya kubandika kwenye kioo navyo hupotosha, kwa kuwa hupima joto la ukuta wa tangi ilhali mnyama anaishi sakafuni. Tumia kipimajoto chenye waya na kihisi unachoweza kukilaza sakafuni, au kile cha kuelekeza na kubonyeza kinachosoma joto la uso wa kitu. Pima mahali anapolala, ndani ya maficho, na si chini ya taa tu.

Kama joto ni pungufu, una njia mbili za kawaida. Unaweza kutumia mkeka wa joto uliowekwa chini ya tangi, ukichukua takriban theluthi moja ya eneo la sakafu upande mmoja, au unaweza kutumia taa ya halojeni juu ya jiwe bapa, ambalo litafyonza joto na kumrudishia kupitia tumboni. Wafugaji hubishana sana kuhusu ipi ni bora. Taa ya juu hufanana zaidi na jua na hupasha hewa pia, lakini kwa mnyama mmoja mchanga katika tangi dogo mkeka ulioungwa vizuri hufanya kazi, na sioni sababu ya kumtisha mtu aliye nao. Jambo nisilokubali kulilegeza ni themostati, yaani kidhibiti kinachowasha na kuzima joto chenyewe: kifaa chochote cha joto, kiwe juu au chini, lazima kiongozwe na themostati ambayo kihisi chake kiko pale mnyama anapogusa. Mkeka usio na themostati unaweza kupita nyuzi 40, na geko, ambaye huendelea kulala juu ya kitu cha moto bila kutambua kwamba ngozi ya tumbo inaungua, hugunduliwa amejeruhiwa siku kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo hiyo, yale mawe bandia ya kuchomeka kwenye umeme yaepukwe kabisa.

Kwa nini joto liwe na uzito huu katika swali la chakula? Kwa sababu vimeng'enya vya tumbo lake hufanya kazi kwa kasi inayotegemea joto la mwili, na mwili huo hupata joto kutoka sakafuni. Akiwa na baridi, mdudu aliyemezwa hukaa tumboni muda mrefu, huanza kuoza badala ya kumeng'enywa, na matokeo yake ni kutapika, kuvimbiwa, au kugoma kula kabisa. Kugoma huko kwa kweli ni kinga yake. Ndiyo maana kumlazimisha chakula mnyama aliyepoa ni kumrundikia mzigo asioweza kuubeba. Rekebisha joto, subiri siku mbili au tatu, na mara nyingi utaona mnyama yule yule, bila dawa yoyote, ametoka jioni akiwa na macho yaliyofunguka vizuri na kuanza kunyemelea.

Nikija kwenye chakula chenyewe: geko chui hula wadudu pekee. Hali mboga, hali matunda, na hapaswi kupewa nyama ya kusaga au mabaki ya mezani. Pia anahitaji mdudu anayetembea, kwa kuwa mwendo ndio unaoamsha silika ya kuwinda. Wadudu waliokaushwa wanaouzwa katika makopo hawamvutii, na hata akiwakubali huwa hawana maji ambayo mnyama wa nchi kavu huyapata kwa kiasi kikubwa kutoka kwa windo lake.

Msingi wa mlo unaweza kuwa nyenje wadogo, mende wa dubia, funza wa unga, na funza wa nzi chuma (lava wa nzi mweusi anayefugwa kwa ajili ya chakula cha mifugo). Wachanganye. Nyenje wana faida ya kumfanya mnyama akimbie na kuwinda, ila wana kasoro moja kubwa: wakiachwa usiku kucha ndani ya tangi humtafuna geko mchanga vidole, mkia na hata kope akiwa amelala, kwa hiyo waliobaki baada ya robo saa au zaidi kidogo waondolewe. Mende wa dubia ni watulivu, hawanuki kama nyenje, na wana nyama nyingi kwa ukubwa wao. Funza wa unga ni rahisi kuwatunza na unaweza kuwaweka katika kibakuli chenye kingo laini ambacho hawawezi kupanda, naye akajichukulia; ganda lao ni gumu kiasi, kwa hiyo kwa mchanga chagua wale weupe waliotoka kujivua, ambao ni laini zaidi. Huenda umesikia kwamba funza wa unga hutoboa tumbo la mjusi kutoka ndani. Si kweli. Mjusi humtafuna mdudu kabla ya kummeza, na funza aliyefika tumboni hana nafasi ya kutoboa chochote. Funza wa nta ni suala jingine, kwani ni mafuta matupu, na geko akiwazoea huwakataa wadudu wengine wote. Wafaa kumnenepesha aliyekonda, nao wasipewe kila siku.

Ukubwa wa mdudu una kanuni moja iliyo rahisi kuikumbuka: asizidi umbali uliopo kati ya macho mawili ya geko wako. Kwa mnyama wa miezi miwili hiyo ina maana ya mdudu mdogo sana, na nina shaka kwamba funza wa unga uliompa mwanzoni walikuwa wakubwa kuliko inavyofaa, kwa sababu wale wanaouzwa kwa kawaida ni wa kulishia wanyama waliokomaa. Kuhusu idadi, wengi hukadiria wadudu wawili kwa kila sentimita mbili na nusu za urefu wa mnyama, ambayo kwa mchanga wa sentimita 10 hadi 12 ni wadudu wanane hivi kwa mlo mmoja, lakini hesabu hiyo ni ya kuanzia tu. Mwache ale anachotaka kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha ondoa kilichobaki. Hadi afikishe miezi minne hivi mpe kila siku. Kuanzia hapo mpaka mwaka mmoja unaweza kuruka siku moja. Akishakomaa, mara mbili au tatu kwa wiki zinamtosha, na hapo hatari hugeuka kuwa unene. Wakati mzuri wa kumlisha ni jioni, taa za chumba zikianza kupunguzwa.

Mdudu ni chombo tu cha kubebea lishe, na chombo kitupu hakishibishi. Wadudu waliokaa na njaa ndani ya kasha la dukani kwa siku kadhaa hawana chochote cha maana isipokuwa ganda na maji. Walishe vizuri kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kumpa geko: majani mabichi ya rangi ya kijani iliyokolea, karoti, boga, viazi vitamu, pamoja na chakula kikavu cha nafaka. Wape maji kwa njia ya vipande vya mboga, kwa sababu nyenje huzama hata katika kifuniko cha chupa. Usimpe geko wadudu uliowaokota nje, kwani hujui kama wamepita kwenye dawa za kuulia wadudu wala ni vimelea gani wanabeba, na kimulimuli asiingie kabisa ndani ya tangi: baadhi yao wana sumu inayoweza kumuua mjusi kwa mdudu mmoja.

Hapa ndipo linapoingia swali lako la vitamini, na jibu ni ndiyo, ingawa kinachotangulia ni kalsiamu. Wadudu karibu wote wanaofugwa kwa ajili ya chakula wana fosforasi nyingi mara kadhaa kuliko kalsiamu, ilhali mwili wa mjusi unahitaji uwiano wa kinyume, takriban kalsiamu mbili kwa fosforasi moja. Funza wa nzi chuma ndio pekee katika orodha yangu wanaokaribia uwiano huo wenyewe. Damu ya mnyama lazima ibaki na kiwango fulani cha kalsiamu ili misuli na moyo vifanye kazi. Chakula kisipoileta, mwili huichota kutoka kwenye mifupa. Mchanga, ambaye ndiye kwanza anajenga mifupa, huathirika mapema kuliko aliyekomaa. Taya hulainika hadi anashindwa kumng'ata mdudu, miguu hupinda, mwendo huwa wa kuburuza tumbo, kisha hufuata mitetemeko ya vidole na degedege. Mifupa iliyokwisha kupinda mara nyingi hairudi ilivyokuwa hata baada ya matibabu. Huu ni ugonjwa unaozuilika kwa unga wa kalsiamu, na ndiyo sababu huniumiza kuuona.

Wanyunyizie wadudu unga safi wa kalsiamu katika kila mlo wa geko mchanga. Waweke katika kikombe au mfuko mdogo pamoja na unga kidogo, tikisa taratibu mpaka wapate weupe mwepesi, kisha mpe geko papo hapo, kwa kuwa nyenje hujisafisha na baada ya muda mfupi unga wote huwa umeanguka. Lakini kalsiamu haifyonzwi ipasavyo pasipo vitamini D3, ambayo mnyama huipata kwa njia mbili: kutoka kwenye unga wenye vitamini hiyo, au kwa kuitengeneza katika ngozi yake anapopata miale ya UVB, yaani sehemu ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Kama hutumii taa ya UVB, basi mara mbili kwa wiki badilisha unga safi kwa ule wenye D3, na mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili tumia unga wa vitamini mchanganyiko. Ni vizuri mchanganyiko huo uwe na vitamini A iliyo tayari kutumika mwilini, kwani upungufu wake huharibu macho na ngozi. Usizidishe ukidhani kwamba kingi ni kizuri: vitamini D3 na A huhifadhiwa katika mafuta ya mwili na hazitoki kwa urahisi, na D3 iliyozidi hupeleka kalsiamu kwenye figo na mishipa ya damu, mahali isipotakiwa.

Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba geko chui, kwa kuwa ni mnyama wa usiku, hahitaji UVB hata kidogo. Ni kweli kwamba wengi wameishi maisha marefu kwa unga wa D3 peke yake. Hata hivyo imeshaonekana kwamba geko hawa, wakipata UVB kidogo, hutengeneza vitamini hiyo ndani ya miili yao, na katika makazi yao hujitokeza kwenye mwanga kwa vipindi vifupi asubuhi na jioni. Mimi ninaipendekeza taa hiyo, ya nguvu ndogo, ikiwa na kivuli cha kutosha cha kukimbilia, na ukiitumia punguza siku za unga wenye D3. Fahamu tu kwamba kioo cha dirisha huzuia miale hii, kwa hiyo kuliweka tangi karibu na dirisha hakuisaidii mifupa yake na kunaweza kumuunguza kwa joto la jua. Fahamu pia kwamba taa hizo huacha kutoa miale ya kutosha zikiwa bado zinawaka vizuri machoni petu, hivyo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 kulingana na aina. Ikiwa geko wako ni wa rangi ya zeruzeru, macho yake hayavumilii mwanga mkali, na kwake ningekuwa mwangalifu maradufu. Taa nyekundu au za buluu za kuwaka usiku kucha ziache, anahitaji giza.

Mchanga uliomtandikia uondoe leo. Geko mchanga hushambulia kwa pupa na hukosea shabaha, na kila anapokosea hujaza kinywa punje za mchanga. Wengine huulamba kwa makusudi wakitafuta madini. Mchanga huo ukirundikana kwenye utumbo huziba njia, hasa kwa mnyama ambaye joto lake ni dogo na hana maji ya kutosha, na dalili zake ni zile zile ulizozitaja: kukataa chakula na kujificha, pamoja na kutopata choo. Usidanganyike na mchanga unaouzwa kwa jina la mchanga wa kalsiamu ukisemekana kuyeyuka tumboni. Humvutia mnyama aule, na huganda. Kwa sasa tandika karatasi nyeupe za jikoni. Hazipendezi macho, nakubali, lakini zitakuonyesha kitu unachokihitaji sana wiki hii, yaani kinyesi chake. Kinyesi kizuri ni kipande cha kahawia iliyokolea chenye umbo, pamoja na kipande cheupe kigumu ambacho ndicho mkojo wake. Akifikia ukubwa wa kutosha na kula kwa uhakika, unaweza kumtandikia vigae vya mawe au udongo ulioshikamana.

Jambo jingine ni maficho. Kijumba kimoja humlazimisha achague kati ya usalama na joto, na mnyama anayewindwa huchagua usalama hata kama atapoa. Mwekee matatu: moja upande wa joto, moja upande wa baridi, na la tatu lenye unyevu, lililo katikati au likielekea kwenye joto. Hili la tatu linaweza kuwa kopo la plastiki lenye kifuniko na tundu la kuingilia, ndani yake ukaweka karatasi au kuvumwani kilicholowanishwa na kukamuliwa. Hewa ya tangi kwa jumla ibaki kavu, unyevu wa asilimia 30 hadi 40, lakini ndani ya kopo hilo uwe wa juu, kwani hapo ndipo atakapojivulia ngozi. Mchanga hujivua mara nyingi, pengine kila baada ya wiki mbili hivi, na huila ngozi yake yote, kwa hiyo usishangae usipoona mabaki. Unachopaswa kukagua baada ya kila kujivua ni vidole na kingo za macho. Ngozi iliyonasa kidoleni hukauka na kukaza, damu ikakatika, kidole kikafa na kuanguka. Ukiiona, mweke kwa dakika 15 hadi 20 katika chombo chenye maji ya vuguvugu yasiyofika tumboni, kisha isukume taratibu kwa pamba iliyolowa. Usiivute ikiwa kavu. Ile iliyonasa ndani ya kope mwachie daktari.

Maji safi yawepo daima katika kibakuli kifupi, na yabadilishwe kila siku.

Kuhusu kumshika, subiri. Mpaka awe amekula kwa mfululizo wa wiki moja au mbili, mguse pale tu inapolazimu kusafisha au kumpima. Mchanga anapotishwa huinua mwili, hufungua kinywa na kutoa mlio mkali ambao hukushtua kwa jinsi usivyolingana na umbo lake. Ni vitisho vya mtoto asiye na silaha nyingine. Ujifunze pia kuusoma mkia. Ukipungwa polepole huku na huku umeinuliwa, anakuonya umwache. Ukitetemeka kwa kasi nchani huku macho yamemkazia mdudu, ameshikwa na hamu ya kuwinda, na hiyo ndiyo ishara ninayotarajia utaiona karibuni. Usimkamate kwa mkia kamwe, kwani huukata mwenyewe ili akuponyoke. Utaota mwingine, lakini utakuwa na umbo nene lililojikunja tofauti na ndani yake hapatakuwa na mifupa, na wakati wa kuuotesha atakuwa amepoteza akiba yake yote ya mafuta. Iwapo unafikiria kumletea mwenzake ili asijihisi mpweke, usifanye hivyo. Hawa si wanyama wa kundi. Wakiwekwa wawili, mwenye nguvu hula na kukaa penye joto, mwingine hudhoofika kimyakimya, na mara nyingi mmoja hubaki bila mkia.

Osha mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika au kusafisha tangi, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, kwa sababu reptilia wenye afya kabisa wanaweza kubeba bakteria wa salmonela. Watoto walio chini ya miaka mitano ni vyema wasimshike.

Sasa mpango wa siku hizi. Leo badilisha matandiko, ongeza maficho, na upime joto la sakafu mpaka lifike kiwango nilichokutajia na kubaki hapo. Mpime uzito kwa mizani ya dijitali inayosoma gramu, ukimweka ndani ya kikombe chepesi, na uandike tarehe. Anayetoka kwenye yai huwa na gramu tatu hivi, na aliyekomaa hufikia gramu 45 hadi 80, kwa hiyo mchanga anayekua anapaswa kuongezeka karibu kila wiki. Mizani itakuambia ukweli mapema kuliko jicho. Funika pande tatu za tangi kwa karatasi na usimsumbue. Kesho kutwa jioni, jaribu kumpa nyenje wawili au watatu wadogo walionyunyiziwa kalsiamu, mmoja baada ya mwingine, kisha uondoke. Wengi hawali wakitazamwa. Akivua ngozi katikati ya siku hizo, mpe siku moja zaidi ya kupumzika.

Ikipita wiki moja baada ya kurekebisha joto na bado hali, au akipoteza asilimia 10 ya uzito wake kabla ya hapo, mpeleke kwa daktari. Usisubiri wiki hiyo iishe ukiona anatapika, macho yamezama au hayafunguki, tumbo limevimba lenye doa jeusi, anajikakamua bila kutoa choo, taya linabonyea, miguu inatetemeka, au mkia unakonda haraka huku kinyesi kikiwa majimaji yenye harufu kali. Dalili hiyo ya mwisho inaweza kutokana na vimelea vya utumbo, na baadhi yake, hasa wale wa kriptosporidia, ni wagumu sana kuwatibu na huambukiza mijusi wengine. Mchukulie daktari kinyesi cha siku hiyo hiyo katika chombo kilichofungwa, pamoja na kumbukumbu zako za uzito na joto. Ataviomba vyote vitatu kabla hata hajamgusa mnyama.